Hivi ni kweli vita vya Katanga vilisimama mwaka 1960 ili watu wamsikilize Louis Armstrong?

#1 MkusanyaSahani

Wakuu, salaam.

Marehemu baba alikuwa na santuri moja ya Louis Armstrong (Satchmo), mpiga tarumbeta wa jazi wa Marekani, aliyoitunza kuliko kitu chochote pale sebuleni. Aliishika kwa kingo, kwa ncha za vidole, akaipuliza vumbi, akaifuta kwa kipande cha fulana kuukuu, ndipo akaiweka. Kabla sindano haijagusa lazima aseme: "Huyu mtu alisimamisha vita Kongo." Sisi watoto tulikaa kimya, maana mtu aliyesimamisha vita si wa kupigiwa kelele.

Baadaye nimekuta simulizi hiyo hiyo imeandikwa sehemu nyingi. Kwamba mwishoni mwa 1960, Katanga ikiwa imejitenga, waliokuwa wanapigana waliweka silaha chini kwa siku moja ili wa pande zote wakamsikilize Satchmo pale Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Armstrong mwenyewe alikuwa akiisimulia kwa fahari.

Naomba wajuzi mnisaidie. Ilitokea kweli? Au imetiwa chumvi? Na kama imetiwa chumvi, nani aliitia?

#2 Kijana wa Keko

Nimeweka kigoda changu mbele kabisa. Ngoja waje wenye vitabu.

#3 Mjomba Redio

Ni kweli kabisa, mkuu. Muziki una nguvu hiyo. Hata mpira unayo: Pele na Santos walipokwenda Nigeria mwaka 1969, vita vya Biafra vilisimama. Armstrong alifanya hivyo miaka tisa kabla yake. Mzee wako hakukudanganya.

#4 Dkt_Karafuu

Mjomba #3, hiyo ya Pele nayo ina wabishi wengi, ukiichukua kuwa shahidi utalazimika kumtafutia na yeye shahidi. Tuweke tarehe mezani kwanza.

Kongo ilipata uhuru 30 Juni 1960. Tarehe 11 Julai Tshombe, mkuu wa jimbo la Katanga, akatangaza Katanga imejitenga. Agosti, askari wa Umoja wa Mataifa wakaingia Katanga. Katikati ya Septemba Mobutu, mkuu wa jeshi, akatwaa madaraka Leopoldville (Kinshasa ya leo), na kufikia 10 Oktoba Waziri Mkuu Lumumba alikuwa amezingirwa ndani ya nyumba yake. Armstrong alifika Leopoldville tarehe 28 Oktoba. Elisabethville ikafuata Novemba.

Sasa tazameni vita vyenyewe vilikuwa wapi. Vilikuwa kaskazini mwa Katanga, kati ya askari wa Tshombe na Wabaluba waliokataa kutawaliwa naye. Huko huko Niemba ndiko askari 9 wa Ireland, waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa, waliuawa tarehe 8 Novemba. Kutoka Niemba hadi Elisabethville ni mamia ya kilomita za pori. Mpiganaji wa Kibaluba mwenye mishale angefikaje kwenye onyesho mjini kwa Tshombe, akae kiti kimoja na jandarma (askari wa Tshombe) anayemtafuta?

Mapigano makubwa ndani ya Elisabethville yalikuja Septemba na Desemba 1961. Armstrong alikuwa ameshaondoka zamani.

#5 MkusanyaSahani

Asante Dkt. Umeniuma kidogo, lakini asante. Kwa hiyo hizo "pande mbili" zilikuwa nani? Maana mtu hawezi kubuni kitu kizima hivi hivi bila chembe.

#6 Mjomba Redio

Mimi naona pande mbili ni serikali kuu ya Leopoldville na Katanga. Armstrong alipiga kwa hawa, kisha akavuka akapiga kwa wale, wala hakuna aliyemzuia. Wakati ule nani mwingine aliweza kutoka mji mmoja kwenda mwingine akapokelewa kote kwa ngoma? Kwa maana hiyo vita vilisimama kumpisha. Tusing'ang'anie siku moja na uwanja mmoja.

#7 BintiChole

Wote mnazunguka mbuyu. Swali si kama vita vilisimama, swali ni nani alimlipia nauli.

Ile haikuwa ziara ya msanii anayetafuta riziki. Ilikuwa mpango wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, ulioanza 1956 kwa kumtuma Dizzy Gillespie Mashariki ya Kati. Marekani ilikuwa inaaibika duniani kwa jinsi inavyowatendea watu weusi, na Wasovieti walikuwa hawaachi kuisema. Dawa ikawa kuwachukua wanamuziki weusi wale wale na kuwapeleka nje kuwa sura ya nchi.

Kongo palikuwa na jambo la ziada. Shinkolobwe ya Katanga ndiko ilikotoka urani ya bomu la Hiroshima. Marekani haikuitambua Katanga rasmi, kwa hiyo wakubwa wake hawakuweza kwenda kwa Tshombe wakibisha hodi mchana kweupe. Lakini kukiwa na Satchmo, balozi anakwenda "kusikiliza muziki", na mkuu wa CIA pale Leopoldville, Larry Devlin, anakwenda pia. Mwanahistoria Susan Williams ameandika haya mwaka 2021: Armstrong alikaa meza moja na Devlin bila kujua ni nani, akitumika kama kifuniko.

Kwa mtazamo huo, habari ya "vita vimesimama kwa ajili ya muziki" ilimfaa nani? Ilimfaa aliyetaka dunia itazame tarumbeta, isitazame kilichokuwa kinapikwa nyuma.

#8 Kijana wa Keko

Dada, na wewe kila uzi lazima CIA apite. Juzi kwenye uzi wa bei ya sukari ulimleta.

#9 BintiChole

Kijana wa Keko, kwenye sukari nilimtaja kwa swali. Hapa namtaja kwa ushahidi. Kamati ya Seneti ya Marekani yenyewe, ya 1975, ilieleza kwamba mwanakemia wa CIA alipelekwa Leopoldville Septemba 1960 akiwa na sumu ya kumuua Lumumba. Sumu ikafika Septemba. Satchmo akafika Oktoba. Mji mmoja.

Nikisoma habari za tarehe 28 Oktoba nashindwa kuendelea. Wanambeba Armstrong mabegani juu ya kiti kama mfalme, ngoma zinalia, watu wamejaa barabarani, yeye anacheka na kitambaa chake cheupe mkononi. Na ndani ya mji huo huo Waziri Mkuu aliyechaguliwa na watu yuko nyumbani kwake, amezungukwa na askari wa Mobutu wanaotaka kumkamata, na nje yao askari wa Umoja wa Mataifa wanaomlinda. Sijui kama ngoma zile zilimfikia. Usiku wa 27 Novemba akatoroka, siku chache baadaye akakamatwa, na 17 Januari 1961 akauawa karibu na Elisabethville hiyo hiyo.

#10 MamaShamila

BintiChole umeandika vizuri, ila umemwacha Armstrong kama gunia la kubebeshwa. Huyu mzee hakuwa hivyo.

Septemba 1957, watoto weusi tisa walipozuiwa kuingia shule ya weupe Little Rock, Armstrong alikuwa hotelini Grand Forks, North Dakota, ana onyesho usiku. Akaja mwandishi kijana kumhoji. Akamwambia wazi kwamba kwa jinsi wanavyowatendea watu wangu kule Kusini, serikali iende motoni, na Eisenhower hana ujasiri. Safari ya Urusi aliyokuwa anaandaliwa na serikali hiyo hiyo akasema haendi. Alionyeshwa maandishi kabla hayajachapwa, akayatia saini. Hakurudi nyuma.

Hata nyumbani kwao New Orleans aliacha kwenda kupiga kwa miaka, kwa sababu sheria ya Louisiana ya 1956 ilikataza weusi na weupe kupiga pamoja jukwaani, na bendi yake ilikuwa ya mchanganyiko. Alirudi 1965.

Kwa hiyo 1960 alipokubali kwenda Afrika alikuwa na lake moyoni. Mwaka 1956 alipofika Accra aliona mwanamke anacheza, akasema anafanana kabisa na marehemu mama yake. Mtu aliyeona sura ya mama yake kwenye umati wa Waafrika, ukimwambia kuna safari nyingine ya Afrika, utaanza kumuuliza nani analipa?

#11 BintiChole

MamaShamila, hapo sibishi. Mimi namlaumu aliyemtuma, yeye simlaumu.

#12 Nairobi_Kwetu

Wadau, habari. Safari hiyo hiyo ya 1960 ilimfikisha Nairobi pia, msisahau. Kenya bado ilikuwa koloni na Kenyatta alikuwa amezuiliwa Lodwar. Sasa fikirieni mzee wa miaka sitini, aliyezaliwa 4 Julai 1900, mwaka mmoja tu baada ya mshtuko wa moyo uliomlaza hospitali kule Spoleto, Italia, anazunguka Afrika miezi na miezi kwa ndege za wakati huo. Serikali ilimtumia, sawa, lakini pia ilimchosha mno.

#13 Dkt_Karafuu

Sahihisho dogo kwa #12. Hiyo 4 Julai 1900 ndiyo tarehe aliyoisema maisha yake yote. Baada ya kufa kwake, miaka ya 1980, ilionekana kwenye kitabu cha ubatizo cha kanisa la Sacred Heart of Jesus, New Orleans, kwamba alizaliwa 4 Agosti 1901. Mwaka 1960 alikuwa na miaka 59.

Naliweka hili kwa sababu lina uhusiano na mada. Mtu ambaye hata siku yake ya kuzaliwa haikuwa kama alivyosimulia, tuna haki ya kuipima na simulizi yake ya vita.

#14 MamaShamila

Hapana Dkt, hapo umemwonea. Bibi yangu alizaliwa "mwaka wa nzige", na kwenye kadi ya kura akaandikiwa mwaka ambao karani aliuona unafaa. Je, alikuwa mwongo? Mtoto wa mtaa wa maskini New Orleans, mama ana miaka kumi na kitu, baba kaondoka, nani angemwekea tarehe? Alipewa sikukuu ya taifa ili aikumbuke. Aliamini alichoambiwa.

#15 Dkt_Karafuu

Nakubali sikupaswa kulinganisha hivyo. Lakini na wewe umenisaidia: inawezekana hata ile ya vita aliambiwa. Amefika uwanjani, mwenyeji mmoja anamwambia kwa furaha, "Mzee, leo hakuna vita, wote wamekuja kwako." Anaichukua kama alivyopewa. Hakuna aliyesema uongo, na bado jambo lenyewe halikutokea.

#16 Tarumbeta_la_Harusi

Mimi nataka niseme kitu kuhusu mdomo.

Napuliza tarumbeta kwenye msafara wa harusi mwaka wa kumi na nne huu, juu ya gari la wazi, jua la saa nane. Ukipuliza saa mbili mfululizo, ile nyama ya katikati ya mdomo wa juu inakufa ganzi. Sauti inaanza kuvuja pembeni, pfff, unasikia mate tu. Ukilazimisha unachanika, na ukichanika wiki nzima huli pilipili wala ndimu.

Armstrong miaka ya 1930 alilazimisha noti za juu mpaka mdomo ukaharibika, akaacha kupuliza miezi kadhaa. Alama ya kovu unaiona kwenye picha zake zote za karibu. Mpaka uzeeni alikuwa anapaka marhamu iliyotengenezwa Ujerumani, hasafiri bila hiyo. Na bado kwenye vipande vya ziara hiyo ya Afrika anapanda juu, anabaki juu, na sauti ni nene. Vile vitambaa vyeupe watu wanadhani ni mbwembwe. Ni jasho na maji ya mdomo, huwezi kupuliza bila kujifuta.

Kama vita havikusimama, ilikuwa hasara ya wapiganaji.

#17 Kijana wa Keko

Tarumbeta #16, sasa nimeelewa kwa nini pale harusi ya shemeji mlikuwa mnapumzika kila kona.

#18 Tarumbeta_la_Harusi

Kila kona kulikuwa na foleni, ndugu yangu. Ila ndiyo, mdomo nao una haki yake.

#19 Mzee Gitaa

Vijana, nimewasoma. Mnajua kwamba bendi zetu ziliitwa Jazz kwa sababu ya ziara hii? Satchmo alipita, kila mtu akataka kuwa Jazz. Tabora Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, Morogoro Jazz, Nuta Jazz. Na zote zilikuwa zinapiga dansi na rumba, jazi yenyewe hakuna hata moja!

#20 Dkt_Karafuu

Shikamoo mzee. Kwa heshima, jina lilitangulia ziara. Kongo kwenyewe, Kabasele alikuwa na African Jazz tangu 1953, na OK Jazz ilianza 1956. Huku kwetu Dar es Salaam Jazz na Morogoro Jazz ni za kabla ya hapo. Nuta ndiyo ya baadaye, 1964.

#21 Mzee Gitaa

Marahaba. Basi niseme hivi: jina lilikuwepo, ila yeye alikuja kulihakikisha. Neno "Jazz" maana yake kwetu ilikuwa bendi ya kisasa, yenye matarumbeta na saksafoni, watu wamevaa suti moja rangi moja. Nani alileta picha hiyo? Ni watu kama Armstrong, kwa santuri na sinema, miaka mingi kabla hajakanyaga huku. Alipotua Leopoldville mwaka 1960 alikuta watoto wake wameshajipa jina lake la ukoo bila kumwuliza.

#22 MkusanyaSahani

Mzee, hiyo sentensi ya mwisho nitaiandika ndani ya gamba la ile santuri ya baba.

#23 Katangais

Jambo bote. Miye ni mutu wa Lubumbashi, munisamehe Kiswahili ya kwetu.

Nkambo (babu) yangu alikuwaka anatumika ku Union Minière, kampuni ya migodi. Ile siku ya Satchmo hakuendaka, alikuwaka na kazi ya usiku. Tulimuulizaka mara mingi: vita ilisimama? Anacheka. Anasema: "Vita gani? Ile wakati, huku mu mji bunduki ilikuwa haiyalia. Vita ilikuwa kule ku nord, ku Manono, ku Niemba. Kwetu njo ililia mu 1961. Ile njo tulilalaka chini ya kitanda na batoto."

Kwa hiyo munganga #4 anasema kweli. Lakini nkambo alikuwaka anaongeza neno moja. Anasema ile wiki batu baliachaka kuongea mambo ya vita. Ku soko, ku kazi, ku bar, beko banaongea Satchmo tu. Yeye aliitaka ile "vita ilisimama mu kinywa".

#24 Mjomba Redio

"Vita ilisimama mu kinywa." Wakuu, uzi ungeishia hapa mimi ningeridhika. Nilisema tusing'ang'anie uwanja.

#25 BintiChole

Nampa heshima zote nkambo wa Katangais. Lakini hilo ndilo ninalolisema tangu #7. Vita vikisimama mdomoni wakati kaskazini watu wanaendelea kufa, aliyefaidika ni nani? Novemba 21 askari wa Mobutu na wa Umoja wa Mataifa walipigana usiku kucha Leopoldville kwenye ubalozi wa Ghana, na watu wakafa. Hakuna aliyesimama kumpisha yeyote.

Na kuna wanamuziki wengine wa Marekani waliolielewa mapema. Habari za kifo cha Lumumba zilipotangazwa Februari 1961, Abbey Lincoln, Max Roach na Maya Angelou walikuwa miongoni mwa walioingia Baraza la Usalama New York wakapiga kelele mpaka kikao kikavurugika. Nao ni sanaa ya Marekani, ila hao hakuna aliyewabeba kwenye kiti.

#26 MamaShamila

Na huyo aliyebebwa kwenye kiti, mwaka huo huo wa 1961 alirekodi kazi ya Dave na Iola Brubeck iliyozungumzia mambo haya haya: wanamuziki wanaotumwa kuwa mabalozi wa nchi isiyowapa haki nyumbani. Mle kuna wimbo ulioandikwa kwa dhihaka, kuhusu mtu mweusi kuwa na sura ya Mungu. Iliposubiriwa acheke, akauimba kwa uzito wote, machozi yanamlenga. Waliokuwa wanategemea kichekesho wakabaki kimya. Mimi sidhani mtu huyo alirudi kutoka Kongo bila kuona kitu.

#27 Nairobi_Kwetu

Na katika safari hiyo alipoteza mtu wake. Velma Middleton, mwimbaji aliyekuwa naye tangu miaka ya 1940, alianguka ghafla Sierra Leone Januari 1961, bendi ikaendelea na safari yeye akabaki hospitalini, akafariki Februari huko Freetown. Kila nikimsikia kwenye santuri za zamani akitaniana na Armstrong, nakumbuka alikufa mbali, bila wenzake. Ziara hizi mnaziongelea kama mambo ya wakubwa, lakini waliokuwa wanapanda ndege ni watu.

#28 Kijana wa Keko

Hiyo ya Velma sikuijua kabisa. Mungu ampumzishe.

#29 MkusanyaSahani

Nimesoma zote. Mpaka sasa nina vita vilivyosimama kweli (#3), vilivyosimama kumpisha njiani (#6), vilivyosimamishwa kwenye magazeti ili watu wasitazame nyuma (#7), alivyoambiwa vimesimama akaamini (#15), na vilivyosimama mu kinywa (#23). Baba angechagua ya kwanza na angewanunia wengine wote.

Katangais, hakuna hata mmoja kwenu aliyekuwepo siku yenyewe?

#30 Katangais

Iko mutu. Mama mukubwa wangu alikuwaka mutoto wa miaka kumi na mbili. Anasemaka aliendaka na baba yake, alibebwa ku mabega juu alikuwaka mufupi. Yeye anakumbuka kitambaa cheupe na meno. Sijamuulizaka mambo ya askari. Nitapita kwake siku ya Mungu.

#31 Dkt_Karafuu

Muulize walioketi mbele walikuwa akina nani, na kama waliovaa sare walikuwa na bunduki mikononi au waliziacha mlangoni. Mtoto wa mabegani anaona vitu hivyo.

#32 Tarumbeta_la_Harusi

Na muulize alipuliza muda gani bila kupumzika.